Kiko cha Kwenda Kambini

Mzee Bahadur aliingiwa na wasiwasi tangu siku ile mkaza mwanawe, Fareen, alipoacha kukaanga vitunguu.

Asiyemjua Fareen atacheka. Lakini mwanamke yule alizaliwa Mbeya, akaolewa akaletwa Toronto, na kwa miaka kumi na saba hapakupita jioni katika nyumba yao ya Unionville bila vitunguu kulia kwenye mafuta, mpaka mapazia yenyewe yakawa yananuka bizari. Sasa zilikuwa zimetimia wiki mbili wanakula vya kuchemsha. Kuku wa kuchemsha, viazi vya kuchemsha, karoti za kuchemsha kama za wodini. Mzee akiuliza anaambiwa, "Tunapumzisha matumbo, Baba." Matumbo ya nani? Lake halikuwa limelalamika.

Halafu yakaja mengine. Picha zikashushwa ukutani, ya marehemu mkewe Roshan ikiwa ya kwanza, ati wanapaka rangi. Rangi ikapakwa, nyeupe tupu, na picha hazikurudi. Maboksi matano yakatokea gereji, na yote Fareen alikuwa ameyaandika kwa kalamu nene: BABA, MASWETA. BABA, VITABU. BABA, VYOMBO VYA CHAI. Mzee alisimama mbele yake akayasoma mara mbili. Aliyatafuta ya watu wengine wa nyumba ile hakuyaona.

Alhamisi akaja mwanamke wa Kizungu mwenye futi ya chuma na kamera. Aliingia mpaka chumbani mwa mzee, kile chumba cha chini karibu na choo walichopewa yeye na marehemu Roshan tangu magoti yaanze kumsumbua. Akapima ukuta, akapima dirisha. Kisha akakitazama kitanda, akauliza kwa Kiingereza, kwa adabu zote, kama kitanda kile kitakuwa kimeondoka ifikapo Ijumaa ijayo.

"Kitaondoka," Fareen alijibu. Hata hakumtazama mzee, naye alikuwa amekikalia.

Na Ijumaa hiyohiyo ndiyo waliyokuwa wamemwambia kwamba familia nzima inakwenda kupiga kambi. Mahema, kando ya ziwa, mwendo wa saa tatu kaskazini, kurudi Jumatatu. Kambi! Amyn, mwanawe huyo wa pekee, tangu waingie nchi hii hakuwahi kulala hata kwenye kibaraza cha nyuma. Nyasi zikikatwa mtaa wa pili, yeye huku anapiga chafya.

*

"Bahadurbhai, fungua macho," alimwambia Almina.

Almina alikuwa mjane kutoka Tanga, shoga wa marehemu Roshan, na habari za kila nyumba kuanzia Don Mills mpaka Markham zilipitia kwake kabla hazijafika zinakokwenda. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la kuvalia viatu mlangoni mwa jumba la ibada, ibada imekwisha, watu wakipita na kuwapa mikono.

"Unamkumbuka Nazmin?" Almina aliendelea kwa sauti ya chini. "Walimwambia wanampeleka kuona maporomoko ya Niagara. Mkoba mmoja, nguo za siku mbili. Mpaka leo yuko kwenye nyumba ya wazee, na maporomoko anayaona kwenye kalenda."

"Amyn si mtoto wa hivyo."

"Amyn ni wako, hawezi. Lakini huyo mkewe je?"

Mzee alifunga kamba za kiatu, akazifungua, akazifunga tena. Alijua kwamba neno likishaingia sikioni mwa Almina halirudi. Lakini kifua kilikuwa kimemjaa, na tangu Roshan afe hakuwa na mtu wa kumwambia.

"Huyo moyo wake siujui," alisema. "Anakitaka chumba. Msichana wao amekua, na mimi nachukua nafasi."

"Basi unaona!" Almina akampiga kidogo begani. "Na ukifika kule, andika umeumia. Mwenzio Nazmin hata kijiti cha ubani haruhusiwi kuwasha. Kiberiti kinafungiwa ofisini kama bunduki."

Maneno hayo ya kiberiti ndiyo yaliyompa mzee akili. Yeye alikulia Urambo, ambako baba yake alinunua tumbaku kwa wakulima. Mtumba ukiletwa, juu majani makavu ya dhahabu, baba yake hakumuuliza mkulima kama kati kuna majani mabichi, maana nani angekubali? Alikunja shati, akapenyeza mkono mpaka katikati ya mtumba, huku anamwangalia mkulima usoni. Mara nyingi uso ulijibu kabla ya mkono.

Mzee Bahadur akaamua kupenyeza mkono.

*

"Kama tunakwenda kambini," alisema mezani siku iliyofuata, mbele ya samaki wa kuchemsha, "nataka kiko."

"Kiko?" Amyn aliuliza. Kiswahili chake alikuja nacho akiwa na miaka tisa na tangu hapo hakukiongezea neno.

"Kiko, cha kuvutia tumbaku. Watu wakikaa na moto huvuta kiko."

Mjukuu wake Shafina alicheka mpaka akapaliwa, akasema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba babu ana miaka sabini na sita na ndiyo kwanza anataka kuharibika. Ni kweli, mzee hakuwahi kuvuta kitu. Tumbaku aliiuza, baadaye sigara aliziuza dukani mojamoja, lakini kwao nyumbani haikuvutwa, na Roshan angesikia ombi hilo angemwita daktari.

Mzee hakumjali Shafina. Macho yake yalikuwa kwa Fareen. Huyu ndiye aliyewahi kumzimia ubani kwa sababu ya kengele ya moshi. Huyu ndiye aliyemfokea kwa viatu, kwa taulo lililoachwa kitini, kwa dawa zisizomezwa saa yake: "Baba, mimi nitakuwa polisi wako mpaka lini?" Mzee alingoja afoke. Angefoka, roho ingetulia, kwa sababu anayekukataza moshi anajua ataishi nao.

Fareen aliweka uma chini. Alimtazama mzee kwa muda, akamgeukia mumewe.

"Sawa," alisema. "Mpeleke Baba akachague."

Sawa! Hakuna kelele, hakuna kengele ya moshi, hakuna hotuba ya mapafu. Mzee aliendelea kutafuna samaki asiye na chumvi. Aliona wazi kwamba kiko kile hakingewashwa ndani ya nyumba hii hata siku moja, ndiyo maana kimeruhusiwa upesi hivyo.

*

Duka lilikuwa mjini, kwenye barabara isiyo na mahali pa kuegesha gari. Mwenye duka, mzee wa Kiarmenia mwenye miwani shingoni, aliwatazama wote wawili, akamuuliza Amyn baba yake anataka nini.

"Baba yake ana mdomo," Mzee Bahadur alijibu kwa Kiingereza. "Anataka kiko. Cha kwanza."

Mwenye duka akaomba radhi, akatoa viwili akaviweka kwenye kitambaa. Kimoja kilichongwa kwa mzizi wa mti, chekundu, kinang'aa, cha dola mia na arobaini. Kingine kilikuwa cha gunzi la hindi, chepesi hata mkononi hukihisi, cha dola kumi na tisa. Alieleza kwamba vyote vinavuta vizuri. Cha mti kinataka kuzoeshwa kwanza: unajaza nusu tu kila siku, polepole, kwa mwezi mzima, ndipo kinapokuwa kitamu. Cha gunzi hakihitaji mazoea, unakijaza leo unavuta leo. Kwa mtu anayeanza, na kwa kambi ya siku tatu, yeye angemshauri gunzi.

"Mwezi mzima," mzee alirudia kwa Kiswahili, akamtazama mwanawe. "Wewe unanichagulia kipi?"

Amyn alikishika cha mti. Alikigeuza, akaona bei iliyobandikwa chini, akameza mate. "Hiki, Baba. Kitadumu."

"Kitadumu wapi?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Kitadumu wapi?"

Amyn alikirudisha kiko kwenye kitambaa. Alitoa kadi, mwenye duka akaipitisha kwenye mashine, mashine ikakataa. Akaipitisha tena. Akatoa kadi ya pili, nayo ikakataliwa, na nyuma yao kijana mwenye tai aliyekuja kununua sigara akaanza kutazama dari. Masikio ya Amyn yakawa mekundu. Alisema benki yao siku hizi ina matatizo ya mtambo.

Matatizo ya mtambo! Mtu mwenye kazi ya ofisini, mke mwenye kazi ya maabara, hawana dola mia na arobaini? Mzee alikuwa amesikia kwamba nyumba za wazee zinataka malipo ya mwanzo. Kumbe yameshalipwa.

"Nipe cha gunzi," alimwambia mwenye duka, akatoa noti zake mwenyewe. "Siku tatu zinatosha."

Ikabaki tumbaku. Mwenye duka alimfungulia chupa ya kwanza, yenye harufu ya vanila, akasema wanaoanza huipenda. Mzee alinusa akarudisha kichwa nyuma. "Hii wameipaka manukato kama bwana harusi." Ya pili ilikuwa nyeusi, inanuka jiko la kuni. Akaikataa. Ya tatu alipoinusa alinyamaza. Alichukua uzi mmoja wa jani, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaunusa tena, na mara moja alikuwa Urambo, mlangoni mwa bani, lile jengo la kukaushia tumbaku, joto likimpiga usoni.

"Hii imekaushwa kwa mvuke," alisema. "Jani la katikati ya mche. Na mmeiacha ikauke kidogo kupita kiasi."

Mwenye duka alivaa miwani yake. Kuanzia hapo hakuzungumza tena na Amyn. Alimwonyesha mzee kujaza: chini wepesi, juu ushindilie kidogo, uwashe mara mbili, uvute kama mtu asiye na haraka, maana ukivuta kwa pupa ulimi unaungua. Mzee alisikiliza kwa makini, na kwa dakika kumi akasahau kwamba alikuwa anatega mtego.

Garini ndipo alipokumbuka. Amyn hakuwasha injini.

"Baba, kuna kitu nataka..."

Simu ikalia. Kwenye skrini ya gari likatokea jina la yule mwanamke wa futi ya chuma. Amyn akaikata upesi, akawasha gari, na alichotaka kusema akaondoka nacho.

*

Kambi ilikuwepo. Mzee alilazimika kukubali jambo hilo. Palikuwa na ziwa, misonobari, mahema mawili yaliyosimamishwa kwa ugomvi wa saa nzima, na mbwa wa watu wengine. Lakini Niagara nayo ipo. Usiku wa Ijumaa alilala na soksi, mkoba wake miguuni, na asubuhi aliposikia Fareen akisema kwenye simu, "Usijali, mzee hajui kitu," alibaki amelala macho wazi mpaka jua likapasha hema.

Jumamosi alasiri Fareen na Shafina walikwenda bombani na sufuria. Amyn aliwasha moto kwa gazeti zima na nusu chupa ya mafuta. Mzee akajaza kiko chake. Mara ya kwanza kilizimika. Mara ya pili alikohoa mpaka machozi. Mara ya tatu alikumbuka asiwe na haraka, na moshi ukaja, mtamu na mkavu. Lakini hakuufurahia, kwa sababu Amyn alikuwa ametazama simu yake mara sita tangu wakae.

"Kambi nimeiona," mzee alisema. "Moto nimeuona, kiko navuta. Sasa niambie, Jumatatu mnanipeleka wapi?"

"Nyumbani, Baba."

"Nyumbani kwa nani?"

Amyn aliweka simu kwenye nyasi. Akaanza kusema, nusu kwa Kiingereza nusu kwa kile Kiswahili chake cha mtoto wa miaka tisa, na hakusimama mpaka alipomaliza. Nyumba inauzwa. Mkataba wa mkopo wa benki ulifika wakati wa kuandikwa upya, riba ikapanda, na malipo ya kila mwezi sasa hayawezekani. Leo na kesho watu wanaingia na kutoka kuiangalia, ndiyo maana wao wako hapa. Yule mwanamke ni dalali. Ndiye aliyesema kuta ziwe tupu, harufu ya chakula isiwepo, na chumba cha chini kionekane kama ofisi, kwa sababu wanunuzi hawapendi kuona kitanda cha mgonjwa.

"Na maboksi yangu?"

"Yetu yameshakwenda stoo, Baba. Tuliyapeleka wiki ya kwanza. Yako Fareen hakutaka yakae huko, alisema utayahitaji mara tu tukifika."

"Tukifika wapi?"

"St. James Town. Tumepanga kule, ghorofa ya kumi na nne. Vyumba viwili tu." Amyn alijipangusa uso kwa mkono wenye masizi. "Kimoja chako, kimoja cha Shafina. Mimi na Fareen tutalala sebuleni."

Kiko kilikuwa kimezimika. Mzee hakukiwasha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama alifia kwenye chumba kile. Ulisema utatoka mle ukiwa umebebwa. Nilikuwa naogopa." Akasukuma kuni motoni. "Na kuna jingine. Dalali alitupa njia ya kubaki na nyumba. Tupangishe chumba chako na choo chake, na wewe uende mahali... mahali pa wazee. Alikuwa na hesabu zote. Niliwaza, Baba. Sikudanganyi, siku mbili niliwaza. Fareen akaniambia, kama unamtoa Baba, anza na mimi."

"Fareen?"

"Fareen. Hata hicho kiko. Usiku ule mimi nilimwambia kitaharibu afya yako. Akasema tangu Mama afe hujatuomba kitu chochote, na hata ungeomba bunduki ungenunuliwa."

Mzee Bahadur aliutazama moto. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na hakuwa na mahali pa kuiweka.

*

Angeweza kunyamaza. Watu wenye busara kuliko yeye wangenyamaza, wakamshukuru Mungu, wakala chakula chao. Lakini mzee hakuweza kuketi na jambo lile, na tena kulikuwa na Almina. Kufikia Jumapili Almina angekuwa amelifikisha kila benchi. Afadhali Fareen alisikie kwake.

Alimkuta bombani, amechuchumaa, anasugua sufuria kwa mchanga. Shafina alikuwa ametangulia na ndoo.

"Baba, umetembea mpaka huku na magoti hayo?" Fareen alianza palepale. "Na fimbo umeiacha wapi? Na unanuka kama lori! Kaa hapo kwenye jiwe, usianguke."

Mzee hakukaa. "Amyn ameniambia kuhusu nyumba."

"Alhamdulillahi. Nimechoka kudanganya. Nilikuwa naota vitunguu."

"Mwanangu, nina kosa kwako. Mimi nilidhani mnanipeleka nyumba ya wazee."

Fareen alicheka. "Na mahema yote haya?"

"Nilidhani ni wewe. Si Amyn, wewe. Kwamba unakitaka chumba." Alikuwa ameanza, na sasa ilimbidi amalize. "Nilimwambia Almina."

Mkono wa Fareen ulisimama ndani ya sufuria. Maji ya bomba yaliendelea kumwagika juu yake, na hakuyafunga.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba moyo wako siujui."

Alisuuza sufuria mpaka ikatakata. Kisha alifunga bomba.

"Miezi minane nilimwosha Mama kwenye kitanda kile," alisema. "Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Wewe ulikuwa unasimama mlangoni umeshika taulo."

"Najua."

"Hujui, Baba. Ungejua usingekwenda kwa Almina." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha mzee. Alikuwa amezoea kufokewa naye, alijua pa kujificha na saa ya kutokea. Hili hakulijua. "Nisamehe," alisema, na Fareen akasema amesamehe, akafuta mikono, akabeba sufuria, akamshika mkono kumvusha kwenye mawe. Alimshika vizuri sana. Njia nzima hakumwambia kitu kuhusu fimbo.

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa bado juu ya ziwa. Amyn alikuwa anazungumza na dalali kwa simu, na kwa uso wake ilionekana mnunuzi amepatikana. Mzee alitoka hemani bila sweta, kifua wazi kwa baridi, na dawa za asubuhi kwa makusudi hakuzimeza. Aliziacha kwenye meza ya kambi, pale pale ambapo mtu hawezi kukosa kuziona. Akakaa, akangoja.

Fareen alikuja na birika. Alizitazama dawa, akamtazama mzee, akazisogeza taratibu karibu na kikombe. Akamimina chai. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akimletea chai yake imeshakorogwa, mara nyingine na lawama juu yake.

"Baba," alisema kwa upole, "nikuwekee vijiko vingapi vya sukari?"

Mzee alimtazama. Hakuwa anatania.

"Viwili," alijibu. Halafu, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine, akaongeza, "Ahsante sana."

"Karibu," akasema Fareen, akampa kikombe kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni.